Kabla hujalipa karo ya uzamili wa kriminolojia, nenda mahakamani

Wanaoniandikia wakitaka kusoma shahada ya uzamili ya kriminolojia huwa nawauliza kwanza: umewahi kukaa mahakamani asubuhi nzima bila kuwa na kesi? Wengi hawajawahi. Wanatamani upelelezi, na huo ni kazi ya polisi. Sisi wanakriminolojia tunauliza kwa nini kosa fulani limezidi mtaa huu na si ule, nani hukamatwa, na kifungo humbadilisha mtu vipi.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Mwaka wa kwanza nilizama kwenye nadharia. Nilivutiwa sana na Shaw na McKay, watafiti wa Marekani walioonyesha kuwa katika mitaa fulani ya Chicago uhalifu wa vijana ulibaki juu hata wakazi walipohama na wengine kuingia. Nikaandika pendekezo la tasnifu kuhusu vijana na uhalifu jijini Nairobi. Msimamizi wangu alilirudisha na maneno machache kwa kalamu nyekundu: vijana gani, kosa lipi, rekodi ziko wapi?

Swali la tatu lilinipeleka masjala ya mahakama. Huko nilifungua faili ya kijana aliyeshtakiwa kuiba simu. Hakimu alikuwa amempa dhamana ya shilingi 10,000 pesa taslimu. Kurasa zilizofuata zilikuwa tarehe tupu: kesi itatajwa, itatajwa tena, mshtakiwa arudishwe rumande. Miezi minane. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Kwa huyu, elfu kumi ilikuwa kifungo tosha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata mada, na usiku huo sikulala vizuri.

Vibali vitafute mapema: cha maadili chuoni, cha NACOSTI (tume ya kitaifa inayotoa vibali vya utafiti), na cha Idara ya Magereza ukitaka kuwahoji wafungwa. Nilipoteza muhula mzima nikisubiri kimoja tu. Takwimu nazo usizikwepe. R, programu ya kuchanganua takwimu, ni ya bure, na hakuna aliyezaliwa akiijua.

Kuhusu ajira, cheti peke yake hakikufikishi mbali. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu nilikwenda kwenye mahojiano na kurasa mbili za matokeo ya tasnifu, zilizoandikwa kwa lugha ambayo hata asiye msomi angeielewa. Afisa wa probesheni huishi kwa uandishi wa namna hiyo: hakimu hutegemea ripoti yake anapoamua kumfunga mtu au kumpa huduma ya jamii, ambayo sheria ya 1998 inairuhusu kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3. Kipo pia Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya 1997, yapo mashirika ya haki za binadamu, na benki zinazopambana na utapeli wa simu.

Basi nenda mahakamani, na uchague Jumatatu. Polisi wanatakiwa kumfikisha mshukiwa kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia wikendi, husubiri siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo Jumatatu kizimba hujaa. Mlango uko wazi kwa kila mtu. Zima simu, inamisha kichwa unapoingia, keti benchi la nyuma, na uandike kila dhamana inayotajwa na nani ameweza kuilipa.