Mtoto akivuka miaka 7 anakuwa wa baba? Yaliyotukuta Newala

Mkuu uliyeandika kutoka Nachingwea, umeuliza kama, mkiachana na mama yake, binti yako wa miaka 8 ni wako moja kwa moja kwa kuwa ameshavuka 7. Hapana, mkuu. Hata mimi niliingia mahakamani na imani ya namna hiyo, ila ya upande wa pili.

Nilimsindikiza dada yangu, kule Newala, kwenye kesi ya nani akae na watoto baada ya kuachana na mumewe. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana sauti, nikajipanga kumweleza hakimu hivyo. Alinisikiliza vizuri, maana Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inazitaja mila. Lakini inatanguliza ustawi wa mtoto. Mila zinafuata nyuma, pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza. Miaka 7 nayo imo humo: aliye chini yake huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, na hata hilo baba anaweza kulipinga kwa ushahidi. Hakuna palipoandikwa kwamba akiivuka anahamia kwa baba.

Dada alitaka kueleza yote aliyotendewa na shemeji. Hakimu akamuuliza nani anampeleka mtoto kliniki. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto wao mdogo, pembe zimelika, chanjo zote zimejazwa. Huyo wa miaka 4 akabaki naye.

Mkubwa, miaka 10, alikuwa keshakaa na baba yake Mtwara mjini miaka miwili, anasoma huko. Hakimu akaongea naye peke yake ofisini. Akaachwa kwa baba, likizo aje kwa mama. Sheria inataka kila mtoto aangaliwe kivyake, tena inaonya kuhusu kumhamisha-hamisha mtoto. Dada alilia mpaka stendi. Mimi nilikuwa nimewaka, nataka rufaa kesho yake. Yeye ndiye aliyenizuia: "Kaka, ile shule anaipenda."

Kwa hiyo mkuu, ukishatoka baraza la usuluhishi wa ndoa na hati yako ya kwamba usuluhishi umeshindikana, usiende kuhesabu miaka. Nenda na ushahidi wa unavyomlea: nani anamwamsha, nani anahudhuria vikao vya wazazi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kutumwa nyumbani kwako akaangalia analala wapi. Na akibaki kwa mama yake, matunzo bado ni wajibu wako. Ukiuza korosho, peleka kabla hujadaiwa.