Tatu x na mbili, mbona sio tano x?

SWALI: Mwalimu habari za kazi, mimi ni mama niko Uyole hapa Mbeya, mwanangu kaandika 3x + 2 = 5x kwenye daftari kapigwa kosa, nikaangalia weee na mimi naona yuko sawa tu, sasa kosa ni nini?

JIBU: Salama mama. Usimgombeze, hilo kosa wanalifanya wengi sana. Chukulia umeenda sokoni umenunua viazi debe 3 afu bajaji ya kukurudisha umelipa 2,000, bei ya debe tuiite x, basi umetumia 3x + 2000. Hivyo ni vipande viwili, cha viazi na cha bajaji, haviunganiki kwa sababu kimoja kina x kingine hakina. Ungeongeza debe 2 kwa bei ileile hapo sawa, 3x + 2x ni 5x. Na x sio debe lenyewe eti, ni BEI ya debe, yaani namba, hapo ndo watoto wengi wanapotea na walimu wengine nao wanapaharakisha mno.

Sasa ukisema jumla zimekwenda 32,000, umeshapata mlinganyo: 3x + 2000 = 32000. Ni kama mizani, ukitoa 2000 upande huu toa na ule, inabaki 3x = 30000, gawa kwa 3 pande zote, debe ni 10,000. Mwambie airudishe hiyo 10,000 kwenye x ahakikishe kama inatoka 32,000 kweli.