Kwa mnaotaka kuishi kwa kupiga ala za kugonga katika muziki mpya

Wanaoniandikia kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Kampala karibu wote huuliza swali lile lile: mkono uwe na kasi kiasi gani ndipo mtu apate kazi ya kupiga muziki wa kisasa na wa majaribio huku Ulaya? Kasi inahitajika, sikatai. Ila hapa Ujerumani ninapofanyia kazi wenye mikono ya kasi wamejaa tele, na wengi wao wiki nzima wanafundisha watoto snea, ile ngoma ndogo ya bendi. Anayeitwa kazini ni yule anayejua kuchagua sauti, kuzibeba, kuzipanga jukwaani kabla ya saa ya mazoezi, na kuelewana na mtunzi aliye hai.

Mpiga violini hufika kazini na violini yake, basi. Sisi mara nyingi hatujui ala ni ipi mpaka tuamue wenyewe. Chukua Psappha, kazi ya mpigaji mmoja aliyoandika mtunzi Xenakis mwaka 1975. Ukifungua nota unakuta gridi iliyojaa vitone. Haikwambii piga ngoma gani. Inakwambia kundi hili liwe la ngozi au mbao, lile liwe la chuma, na hizi ziwe juu kuliko zile. Wapigaji wawili wakiipiga usiku mmoja unaweza kudhani ni kazi mbili tofauti. Rzewski naye mwaka 1985 aliandika kazi ya vyungu vinne vya maua, na mpigaji anasema maneno huku akigonga. Vyungu hivyo ukinunua vya kwanza ulivyoviona dukani, kazi yote inaharibika, maana utavikuta vinne vyote vina sauti moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaagiza wanaoanza ni kwenda kwenye vyuma chakavu. Si mzaha. Mtunzi John Cage alipokuwa Seattle mwaka 1939 aliandika kazi ya vyuma kwa wapigaji sita, na kati ya ala zake yamo madramu ya breki za magari. Hadi leo dramu la breki linaombwa kwenye nota nyingi tu, na huku Ulaya watu wanayauziana kwa bei inayochekesha. Wewe uliye karibu na Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi una duka zuri kuliko mwanafunzi wa Berlin.

Nenda na kamba, chaki na nyundo ndogo ya plastiki ngumu. Pitisha kamba kwenye tundu la bolti, dramu lining'inie, kisha gonga ukingoni. Zuri linalia kama kengele na sauti inakaa. Lenye ufa linakohoa mara moja na kunyamaza, hata kama kwa macho ni zima. Fungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, andika kwa chaki noti iliyo karibu, endelea na jingine. Tafuta matatu au manne yanayopishana vizuri. Fundi atakushangaa, mzoee. Nyumbani ondoa kutu kwa brashi ya waya, na usiliweke juu ya meza tupu, litakufa sauti. Kata vipande vya godoro, liweke juu yake.

Halafu ubebaji. Marimba ya oktava tano inazidi mita mbili na nusu kwa urefu, nayo hufunguliwa vipande vipande kabla haijaingia kwenye gari. Kumbi kubwa zina ya kwao. Muziki wa majaribio lakini hupigwa sana kwenye maghala, makanisa na vyumba vya juu visivyo na lifti. Steven Schick, Mmarekani anayefundisha San Diego, alimwomba mtunzi Brian Ferneyhough amwandikie kazi ambayo ala zake zingesafiri kama mzigo wa abiria. Ikatoka Bone Alphabet, ya ala saba ndogo anazochagua mpigaji, na ni moja ya kazi ngumu kuliko zote tulizonazo. Ombi lile lilikuwa la kiakili sana. Mashirika mengi ya ndege hukupa kilo 23 kwa begi; jenga mapema programu ya tamasha zima inayoingia kwenye kilo hizo, utapata kazi ambazo wenzako wenye marimba ya kifahari hawawezi kuzikubali.

Jukwaani, uwe na zulia lako. Ukishapanga ala mazoezini mpaka kila kitu kiko mahali mkono unapokitarajia, bandika utepe wa rangi kwenye kila mguu wa stendi, andika namba, kisha piga picha kutoka juu ya kiti. Siku ya tamasha unakunjua zulia, unarudisha miguu kwenye alama, na nusu saa baadaye uko tayari. Sentimita tano za toazi lililosogea zinatosha kukuangusha katikati ya ukurasa. Nimeona wapigaji wazuri mno wakihangaika na stendi wakati kondakta anaangalia saa, na mwaka uliofuata hawakuitwa.

Sasa masomo. Mtihani wa kuingia vyuo vya muziki vya Ujerumani haukuulizi habari za muziki wa majaribio. Unakuuliza snea, timpani (zile ngoma kubwa za orkestra), marimba au zailofoni, piano kidogo, nadharia na kutambua sauti kwa masikio. Aliyekulia kwenye ngoma za harusi au bendi ya kanisa ana mdundo, lakini timpani na kusoma nota lazima avitafute. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, Arusha kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Anzia huko upate nadharia, usisubiri viza. Vyuo vingi vya umma hapa havitozi ada, ila vipo vinavyotoza, kwa mfano vya jimbo la Baden-Württemberg, penye Freiburg, Stuttgart na Karlsruhe, linalotoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya. Uliza chuo kuhusu msamaha, upo kwa baadhi ya nchi. Na kwa viza, mwaka 2025 ulitakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa mwaka mmoja wa kuishi.

Hapa naomba msome polepole, maana ndipo vijana wetu wanapoumia. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, lakini hiyo ni kazi ya kuajiriwa. Tamasha unalolipwa kwa ankara ni kazi ya kujitegemea, na bila kibali cha ofisi ya wageni huruhusiwi, hata kama ni euro 80. Omba kibali hicho kwa maandishi mapema, ukiambatanisha barua ya profesa wako. Baadaye ukishaishi kwa usanii, jiandikishe Künstlersozialkasse, mfuko unaobeba takribani nusu ya michango yako ya bima ya afya na pensheni. Mfuko huo unataka uwe na mapato ya zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka, ila wanaoanza fani husamehewa sharti hilo miaka mitatu ya mwanzo.

Ajira za kudumu ni chache mno. Ensemble Intercontemporain, kundi la Paris lililoanzishwa na mtunzi Boulez mwaka 1976, lina wanamuziki 31 wa mshahara, na wapigaji kati yao ni wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ensemble Modern ya Frankfurt inaendeshwa na wanamuziki wenyewe, na ina akademia ya mwaka mmoja kwa vijana ambayo naisifu kuliko shahada nyingi. Waliobaki wanaishi kwa mchanganyiko: kipindi cha kufundisha, mradi wa dansi ya jukwaani, wiki mbili za opera, ruzuku ya mji. Wengine wakaunda kundi lao. Les Percussions de Strasbourg walianza wapigaji sita mwaka 1962 wakiwa hawana nyimbo za kupiga, wakawaendea watunzi, na Xenakis akawaandikia kazi ambayo wapigaji sita wanawazunguka wasikilizaji. Evelyn Glennie, mpigaji wa Uskoti aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni, alijenga maisha ya mpigaji wa pekee kwa njia hiyo hiyo ya kuagiza kazi kwa watunzi. Kazi ambayo James MacMillan alimwandikia mwaka 1992 bado inapigwa na orkestra duniani.

Wewe hutamfikia mtunzi mkubwa kesho. Mfikie yule anayesoma utunzi ghorofa ya pili. Mwite chumbani kwako, mwache agonge kila kitu, mpe karatasi moja yenye orodha ya ala zako, noti za kila moja na kiungo cha rekodi fupi fupi. Watunzi huogopa ala zetu kwa sababu hawazijui, na anayewaondolea hofu ndiye anayeandikiwa.

Utaombwa pia ulete "kitu cha Kiafrika". Niliwahi kualikwa kwenye mradi nikidhani nimeitwa kupiga kazi ya Lachenmann, mtunzi wa Kijerumani, kumbe walitaka djembe, ala ambayo kwetu pwani si ya jadi hata kidogo. Nilikataa, na sikukosa chakula. Lakini usiache ulichonacho kwa hasira. Kundi la Amadinda la Budapest, lililoanza mwaka 1984, lilichukua jina lake kwenye zailofoni ya Buganda, na watunzi Cage na Ligeti wote waliliandikia. Kwenye amadinda yenye vibao 12, wapigaji wawili hupishana pigo kwa pigo, kila mmoja na mstari wake. Wa tatu anasikiliza noti mbili za chini kabisa zinazochomoza kwenye mchanganyiko ule, anazirudia juu kwenye vibao viwili vya mwisho. Aliyekulia anasikia hivyo hahitaji semina ya kumweleza midundo inayopishana ya mtunzi Mmarekani Steve Reich, ambaye naye alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza kupiga. Ukifundishwa na mzee, jina lake liwe kwenye programu ya tamasha na fungu lake liwe kwenye bajeti.

Masikio: nunua vizibo vilivyotengenezwa kwa kipimo cha sikio lako kabla ya kununua toazi jipya.

Na ikija barua pepe ya kazi, usijibu "ndiyo" siku ile ile. Uliza nani analipia ukodishaji wa ala na gari, mazoezi ni mangapi na yanalipwa au hayalipwi, jukwaa liko wazi kuanzia saa ngapi, kuna lifti na mlango wake una upana gani, rekodi itawekwa wapi. Mwandaaji mzoefu atakujibu yote kwa aya moja. Asiyejibu habari ya lifti, mwongezee bei ya mbebaji mmoja.