Gari la mbio Ujerumani, na kura zinazotuhusu

Vijana wa Igoma na Kirumba, hapa Mwanza, mmeuliza mawili kwa mpigo: mwenye mshahara wa kawaida Ujerumani anunue gari gani la mbio, na je, ni kweli wenyeji wanapiga kura wageni waondoke kwa sababu ya uhalifu? Kwa mgeni maswali hayo yanakutana, tena pabaya.

Tuanze na magari. Porsche 911 Carrera mpya inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4 na ushee, na spidi yake inavuka 290. BMW M2 inaifuata kwa karibu, ila kiwandani huifunga kwenye 250. Toyota GR86 ina nguvu farasi 234 na inahitaji sekunde 6.3. Kwa mfuko wenu, GR86: haina turbo, na tairi na breki zake hazifilisi mtu.

Mtego ni 911 kuukuu, hasa Carrera za 2000 hadi 2005, maana bei yake inashawishi. Ndani ya injini kuna beringi ya shafti ya kati. Ikisagika, chuma kinaingia kwenye oili na injini yote inakwenda. Kabla hujalipa, fundi afungue filta ya oili, aikate, aikunjue karatasi yake juani. Zikionekana chembe zinazong'aa, muage muuzaji.

Barabara kuu za kasi za Ujerumani (Autobahn), sehemu nyingi kweli hazina kikomo cha kasi, ila kasi inayoshauriwa ni 130. Ukipata ajali ukiwa 200, hata kama kosa si lako, mahakama inaweza kukubebesha sehemu ya hasara. Shule za udereva hufundisha hivi: gawa kasi kwa 10, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Kwa 100 breki zinataka mita 100. Kwa 250 zinataka 625, bado hujahesabu muda wa mguu kufika kwenye pedeli. Daraja letu la Kigongo–Busisi, kilomita 3, kwa kasi hiyo linaisha kwa sekunde 43. Angalieni na tairi za majira ya baridi: zenye herufi H mwisho wake ni 210, gari liwe na nguvu vipi.

Sasa sheria. Tangu 2017 mashindano barabarani ni jinai, hata ukikimbia peke yako kizembe kutafuta kasi ya mwisho: jela hadi miaka 2, na gari linaweza kutaifishwa. Berlin, mwaka 2016, madereva wawili walishindana katikati ya jiji, mtu akafa. Mmoja alihukumiwa kwa mauaji ya kukusudia, na hukumu ikathibitishwa 2020. Faini za jinai huhesabiwa kwa siku za kipato. Zikizidi 90, ombi la uraia linakwama, na kuongeza kibali cha kuishi kunakuwa kugumu. (Na ukiupata uraia wao, wa Tanzania unakutoka.)

Kuhusu kura: Februari 2025 chama cha AfD, kinachopinga uhamiaji, kilishika nafasi ya pili kwa asilimia 20.8. Kabla ya hapo kulikuwa na mashambulizi ya visu katika miji ya Solingen na Aschaffenburg, na gari lililovamia soko la Krismasi mjini Magdeburg. Wahusika walikuwa wahamiaji. Hofu ya watu haikuzuka hewani, na si kila mwenye hofu ni mbaguzi. Lakini takwimu zisomwe vizuri. Mwaka 2024 wasio raia walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya washukiwa wa polisi. Washukiwa, si waliohukumiwa. Ndani yake wamo wapita njia, na wamo wenye makosa ya vibali ambayo raia hawezi kuyatenda.

Leseni ya Tanzania inatumika miezi 6 tu tangu uhamie, kisha unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Ukiendesha baada ya hapo bila leseni yao, nalo ni kosa la jinai.

Na kulituma gari Mwanza? Msitume. Usukani uko kushoto, kulipita lori barabara ya Shinyanga itabidi abiria akuchungulilie, na tumbo la 911 litakwangua tuta la kwanza.