Msiba Ukitokea, Fungua Kabati

Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alipofariki Aprili 2014, simu yangu ilijaa picha zake. Nami nikasambaza moja, nikamuombea rehema, nikalala. Asubuhi mamangu akaniuliza swali moja tu: "Zile kaseti za harusi yangu ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa. Kaseti tisa, zinanuka ukungu, karatasi zake zimefifia hata hazisomeki. Nikaichukua ya kwanza mbiombio kwa fundi mmoja mjini. Akaitia kwenye redio kama ilivyo, ikatafunwa. Nusu saa ya sauti ya kesha la harusi, na shangazi zangu wakipiga vigelegele, ikaishia kuwa fundo la utepe mkononi mwangu. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hivyo nakusihi, kaseti iliyolala miaka usiitie kwenye mashine moja kwa moja. Chomeka biro kwenye tundu, uizungushe polepole mpaka mwisho, kisha uirudishe. Utepe ulionata utauhisi kwa vidole kabla haujakatika. Halafu vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake, mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ndipo uunganishe redio na kompyuta kwa waya, uiache icheze yote. Usirukishe hata pale penye kelele.

Maana kelele ndizo zenye habari. Tulipokuwa tukisikiliza kaseti ya nne, mama alininyanyulia mkono ninyamaze. Mwimbaji alikuwa akitunzwa pesa, na katikati ya makofi mtu akaitwa jina. "Huyo ni ami yake babako," akasema, "na hapo ni uwanjani nyuma ya nyumba ya bibi." Tukasimamisha, nikaandika. Sasa nina daftari: nani anaimba, shairi la nani, nani anapiga tabla, harusi ya nani, mtaa gani. Jina la mtunzi lisikupite. Watu wanamlilia Bhalo bila kujua kwamba mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir. Sauti ikienda bila jina la mtunzi, tumewazika wawili.

Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi wa taarabu, alipotutoka mwaka 2016, tulikuwa tayari. Usiku ule tulikaa barazani na wazee wawili wa Lamu, alikozaliwa, tukacheza udi wake, wao wakieleza, mimi naandika. Mwaka uliofuata akaondoka Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili, ambaye hata neno runinga tunalolitamka kila siku tumelipata kwake. Kwa mtu kama huyo hakuna kaseti ya kutafuta. Waulize waliokaa naye maneno aliyowafundisha, uyaandike na maana zake.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito. Kanda za harusi zina sauti za mama zetu wakiwa faragha, wakiimba na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Usirushe chochote mtandaoni kabla ya kuomba ruhusa kwa wenyewe au watoto wao. Mimi nilinyimwa mara mbili, na kanda hizo zimebaki ndani.

Kaseti ya saba, upande wa pili, kuna fidla inayolia peke yake kwa dakika tatu hivi. Mama haijui. Wazee wa barazani hawaijui. Ijumaa hii naipeleka Majengo, kuna bibi mmoja aliyekuwa hakosi kesha.