Uliza Ujibiwe: Makocha wa kikapu wa Kansas, ni wanane au tisa?

Maswali ya safari hii yanahusu timu moja, Jayhawks wa Chuo Kikuu cha Kansas, mji wa Lawrence, Marekani. Wamecheza kikapu tangu msimu wa 1898–99, lakini makocha wao wakuu unaweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Jinsi ya kuwahesabu ndipo ubishi unapoanzia.

Orodha moja inasema Kansas imekuwa na makocha wakuu wanane, nyingine inataja tisa. Nishike ipi? – Msomaji, Dodoma

Shika wanane, maana ndiyo hesabu ya chuo chenyewe: James Naismith (1898–1907), Phog Allen (1907–1909, kisha 1919–1956), W. O. Hamilton (1909–1919), Dick Harp (1956–1964), Ted Owens (1964–1983), Larry Brown (1983–1988), Roy Williams (1988–2003) na Bill Self, aliyekabidhiwa timu mwaka 2003.

Wa tisa anayeingizwa na baadhi ya orodha ni Karl Schlademan, kocha wa riadha. Mwaka 1919 alisimamia mechi ya kwanza ya msimu, akashinda, kisha akaachia nafasi ili abaki na wanariadha wake. Allen akaichukua. Ukimweka Schlademan kwenye jedwali utapata kocha mwenye ushindi wa asilimia 100 kwa mechi moja, jambo linalowafurahisha watu wa chemsha bongo lakini halikuelezi chochote.

Kuna makosa mengine mawili ya kuhesabu. La kwanza ni kumhesabu Allen mara mbili. Alifundisha misimu miwili, akaondoka kwenda kusomea osteopathia, yaani tiba ya mifupa na misuli kwa mikono, akarudi baada ya miaka 10. Vipindi ni viwili, mtu ni yule yule. La pili ni kumwingiza Norm Roberts. Huyu alikuwa kocha msaidizi aliyekaimu mara mbili: mwanzoni mwa msimu wa 2022–23, chuo kilipomsimamisha Self kwa mechi nne, na Machi 2023, Self alipofanyiwa matibabu ya moyo. Kukaimu si kukabidhiwa timu.

Eti mtu aliyebuni kikapu ndiye kocha pekee wa Kansas aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda? Iliwezekanaje? – Msomaji, Mombasa

Ni kweli kabisa. Naismith alishinda mechi 55 na kupoteza 60, yaani ushindi wa asilimia 47.8. Saba waliomfuata wote wana ushindi mwingi kuliko vipigo.

Aliubuni mchezo Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa kanuni 13 na makapu ya kuvunia pichi yaliyopigiliwa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi. Kansas hawakumwajiri kuwa kocha. Walimwita mwaka 1898 kufundisha elimu ya viungo na kusimamia ibada za kanisa la chuo. Timu ilikuwa kazi ya pembeni. Kwake kikapu kilikuwa mazoezi ya afya kwa vijana msimu wa baridi, si jambo la kuandaliwa mbinu, na baadhi ya mechi alizipuliza filimbi yeye mwenyewe.

Tena wapinzani hawakuwa vyuo tu. Mechi ya kwanza, Februari 1899, Kansas walifungwa 16–5 na YMCA ya Kansas City, watu wazima waliouzoea mchezo kuliko wanafunzi wake. Usishangae uchache wa pointi: hadi 1937 kila baada ya kapu mpira ulirudishwa katikati ya uwanja ukarushwa upya, kwa hiyo muda mwingi uliishia kwenye kurusha na kugombania.

Kwa maoni yetu, kumcheka Naismith kwa rekodi yake ni kumpima kwa kazi ambayo hakuwahi kuikubali. Aliyeifanya kuwa kazi ni mwanafunzi wake, Allen. Ndiye aliyesimama mbele kuanzisha chama cha makocha wa kikapu wa Marekani mwaka 1927, na ndiye aliyepigania mchezo uingizwe kwenye Olimpiki. Ulipoingia Berlin mwaka 1936, Naismith alikuwapo kuushuhudia.

Allen ndiye aliyemleta Wilt Chamberlain Kansas. Kwa nini basi fainali ya 1957 alikuwa Dick Harp kwenye benchi? – Msomaji, Nairobi

Sheria mbili ziligongana. Ya kwanza: wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Chamberlain aliingia mwaka 1955, akalazimika kungoja hadi Desemba 1956. Ya pili: watumishi wa serikali ya jimbo walistaafu kwa lazima wakifika miaka 70, na Allen alitimiza umri huo Novemba 1955. Aliomba aongezewe muda, akakataliwa. Akaondoka 1956, miezi michache tu kabla mchezaji aliyempata hajaingia uwanjani.

Harp alikuwa amechezea timu ya Allen, kisha akawa msaidizi wake. Mechi ya kwanza ya Chamberlain ilikuwa dhidi ya Northwestern: pointi 52, ribaundi 31 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa kapu). Lakini fainali Kansas walifungwa 54–53 na North Carolina baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Harp alifundisha hadi 1964 na tangu hapo watu wengi wanamkumbuka kwa ile pointi moja, jambo ambalo si haki kwake.

Hasheem Thabeet alipitia Kansas? – Msomaji, Temeke

Hapana. Alicheza Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, kisha mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Waafrika waliofundishwa na Self pale Kansas ni kama Joel Embiid wa Kamerun, msimu mmoja wa 2013–14, na Udoka Azubuike wa Nigeria.

Larry Brown alitwaa ubingwa 1988 akaondoka papo hapo, naye Roy Williams akaondoka baada ya kupoteza fainali. Kansas ina tatizo gani na makocha? – Msomaji, Bukavu

Tatizo si la Kansas peke yake, ila hizo habari mbili hazifanani hata kidogo.

Brown alikuja 1983 baada ya Owens kuachishwa kazi kwa misimu miwili mfululizo ya vipigo vingi kuliko ushindi. Owens alikuwa amedumu miaka 19 na kufika nusu fainali za taifa 1971 na 1974, lakini pale misimu miwili ya hivyo yatosha kukuondoa. Timu ya Brown ya 1988 iliingia kwenye mashindano ikiwa na vipigo 11, ikawafunga Oklahoma 83–79 katika fainali. Danny Manning alifunga pointi 31 na kudaka ribaundi 18. Brown akaenda San Antonio Spurs, na mwaka huo huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wakaiadhibu Kansas kwa makosa ya kipindi chake yaliyohusu msaada wa fedha kwa mchezaji aliyekuwa akivutwa ahamie. Adhabu ikaangukia timu iliyobaki: bingwa mtetezi alizuiwa kushiriki mashindano ya 1989.

Aliyekuta mzigo huo ni Williams, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Alikuwa msaidizi wa Dean Smith huko North Carolina. Smith naye aliichezea Kansas ya Allen iliyotwaa ubingwa wa 1952, na Brown alicheza chini ya Smith. Fuata mstari huo na utaona kwamba Kansas ilipokwenda kutafuta kocha nje, kwa kweli ilikuwa ikirudi kwa wajukuu wa Allen. Self pia alikuwa mtu wa ndani: msimu wa 1985–86 alikuwa msaidizi wa Brown hapo hapo Lawrence.

Williams alikataa kurudi North Carolina mwaka 2000. Aprili 2003 Kansas wakapoteza fainali 81–78 kwa Syracuse, wakiwa wameingiza mitupo huru 12 tu kati ya 30. Itazame namba hiyo, kisha utazame tofauti ya pointi. Siku chache baadaye alikubali kwenda North Carolina, na huko akatwaa mataji matatu.

Nataka kutengeneza jedwali la makocha hawa kwa ajili ya klabu yetu ya shule. Nilinganishe vipi bila kuonea mtu? – Mwalimu, Arusha

Anza na asilimia: gawanya ushindi kwa mechi zote, zidisha kwa 100. Allen ana ushindi 590 na vipigo 219, jumla mechi 809, sawa na asilimia 72.9. Williams ana 418 kwa 101, mechi 519, asilimia 80.5.

Kisha ongeza safu ya mechi kwa msimu, ambayo wengi huisahau. Allen katika misimu 39 alikuwa na wastani wa mechi 21 hivi. Williams katika misimu 15 alikaribia mechi 35. Ukiorodhesha idadi ya ushindi peke yake, kocha wa zamani anaonewa kwa uchache wa ratiba. Self alimpita Allen kwa idadi ya ushindi tarehe 12 Novemba 2024 kwa kuwafunga Michigan State 77–69, akiwa ndiyo kwanza anaanza msimu wake wa 22.

Hapo kwa Self andika tanbihi. Oktoba 2023 jopo huru lilifuta ushindi 15 wa msimu wa 2017–18 kwa sababu ya mchezaji ambaye hakustahili kucheza, na bango la nusu fainali ya mwaka ule likateremshwa. Bila kufutwa huko angempita Allen msimu mmoja mapema. Kufuta si kumpa mpinzani ushindi: timu iliyofungwa inabaki imefungwa. Ukizigeuza mechi hizo kuwa vipigo vya Self utakuwa umekosea mara mbili.

Mwisho, mataji yaweke kwenye safu mbili. Mashindano ya NCAA yalianza 1939, na Kansas wameyatwaa mara nne: 1952 (Allen), 1988 (Brown), 2008 na 2022 (Self). Mataji ya 1922 na 1923 yalitolewa miaka mingi baadaye na taasisi ya Helms iliyopitia rekodi za nyuma, hakuna fainali iliyochezwa. Ukiyajumlisha na yale manne utapata sita, na mwanafunzi yeyote mwenye simu atakusahihisha mbele ya darasa.