Muulize Bibi: Mastaa wa Manila kabla ya tamthilia zenu

*Shikamoo Bibi. Nauza samaki wa kukaanga sokoni Chikongola. Usiku nikishafunga hesabu naangalia tamthilia za Kifilipino zilizotiwa Kiswahili. Shemeji yangu anasema Wafilipino wameanza kuigiza juzijuzi tu, wamewaiga Wameksiko. Tumebishana mpaka mume wangu katukataza kulitaja jambo hilo mezani. Je, zamani walikuwa na filamu zao? Na mastaa wao walikuwa akina nani? – Mama Watatu, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Shemeji yako mpe mwaka mmoja tu: 1919. Septemba mwaka huo, mjini Manila, José Nepomuceno alionyesha *Dalagang Bukid*, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mfilipino mwenyewe. Huku kwetu Mwingereza ndiyo kwanza anashika nchi baada ya Mjerumani kushindwa vita.

Na kisa chenyewe kisikilize. Angelita ni binti muuza maua, anampenda kijana anayesomea sheria. Wazazi wamezama kwenye kamari, wanataka kumwoza kwa mzee mkopesha pesa. Hicho si kisa ulichokilia juzi usiku? Kina zaidi ya miaka mia moja.

Filamu ilikuwa bubu, maana sauti ilikuwa bado kuingia kwenye sinema. Angelita aliigizwa na Atang de la Rama, msichana aliyekwisha jipatia jina jukwaani kwenye sarswela, ile michezo ya kuimba ya Kifilipino. Basi filamu ilipoonyeshwa, Atang alikuwepo ukumbini mwenyewe akiimba. Sura yake iko juu ya pazia, kimya, na sauti yake inatoka kifuani kwake pale pale mbele ya watu. Mimi hilo hunisisimua kila ninapolifikiria. Waigizaji wao wa mwanzo walitoka jukwaani, wakaja na koo zao na miguu yao ya kuchezea, na ndiyo maana hadi leo Mfilipino akiigiza huzuni unaona hata mabega yanaigiza.

Enzi kubwa ilikuja baadaye, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930. Studio ya Sampaguita ilianza 1937, LVN 1938, na baada ya vita, 1946, ikaja Premiere. LVN iliongozwa na mwanamke, Narcisa de León, ambaye watu wote walimwita Doña Sisang. Alipoingia kwenye biashara ya filamu alikuwa amekwisha fika miaka 60. Wapo wanawake hapa Mtwara wanaoambiwa wamezeeka wakiwa na 45. Wasomee hiyo aya.

Staa wakati ule alikuwa mtu wa studio kwa mkataba. Studio ilimpa jina, nguo, na mwenzi wa kuigiza naye, na wakishaoanishwa watu waliwataka pamoja tu. Sampaguita walikuwa na Rogelio de la Rosa na Carmen Rosales. LVN walikuwa na Nida Blanca na Nestor de Villa, hodari wa kucheza dansi. Unapoona leo kijana na binti fulani wanarudi pamoja kwenye kila tamthilia, ujue desturi hiyo imetoka huko. Mtaje pia Gloria Romero wa Sampaguita, aliyepata FAMAS, tuzo ya filamu ya Ufilipino, ya mwigizaji bora wa kike kwa *Dalagang Ilocana* ya 1954. Huyo aliendelea kuigiza mpaka uzeeni, na kwenye televisheni pia, akafariki Januari 2025 akiwa na miaka 91. Huenda umemwona bila kujua unamwona nani.

Mwambie mumeo Bibi ameruhusu mjadala uendelee.

*Bibi shikamoo. Mimi ni mchongaji wa mpingo, nakaa Mikindani. Bando langu linatosha filamu moja ya zamani ya Kifilipino. Nitazame ipi? Usinitajie kumi. – Kijana wa Mikindani*

Marahaba, mjukuu wangu. Tazama *Anak Dalita*, ya mwaka 1956. Ni ya LVN, mwongozaji wake ni Lamberto Avellana. Na wewe kwa kazi yako una sababu kuliko mtu mwingine yeyote.

Steringi ni askari anayerudi nyumbani kutoka vita vya Korea. Kabla ya vita alikuwa mchongaji, na mkono umejeruhiwa. Mama yake yuko mahututi. Nyumbani kwenyewe ni kibanda kilichojengwa ndani ya magofu ya kanisa, Intramuros, ule mji wa kale wa Manila wenye kuta.

Magofu hayo si ya kutengenezwa na mafundi wa studio. Februari 1945 Wamarekani na Wajapani walipigana ndani ya Manila mwezi mzima, raia wapatao laki moja wakafa, na Intramuros ikabaki vifusi. Watu wasio na pa kwenda wakahamia humo, wakaezeka mabati chini ya matao ya mawe. Avellana alipeleka kamera huko huko. Kwa hiyo ukiona ukuta umesimama peke yake bila paa, pale watu walikufa kweli, miaka kumi na moja tu kabla ya kamera kufika.

Askari ni Tony Santos. Mwanamke anayempenda, anayeuza mwili wake ili ale, ni Rosa Rosal. Mtazame Rosa Rosal. Hamwombi mtazamaji huruma. Anatembea kwenye matope yale kama mtu anayejua kila jiwe liko wapi, na akigeuza uso kumtazama yule askari, mkono wake ukiwa umelala bila kazi, unaona amekwisha elewa jambo ambalo askari mwenyewe hajalikubali. Mchongaji asiyeweza kushika patasi! Wewe utalijua hilo vizuri kuliko mimi. Pana padri anayemvuta askari upande mmoja na mtu wa magendo anayemvuta upande mwingine, nami nakuachia mwisho wake. Filamu hiyo ilitoka kifua mbele mwaka huo huo, ikawa filamu bora katika tamasha la filamu za Asia huko Hong Kong.

Rosa Rosal watu walimzoea kwa nafasi za mwanamke mbaya, mwenye kuvunja ndoa za watu. Nje ya sinema alijitolea Msalaba Mwekundu kwa miaka mingi, akihamasisha watu kutoa damu, na 1999 akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay kwa utumishi wake. Mwigizaji akichukiwa kwa nafasi aliyocheza, msimchukie yeye. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wanawake pale stendi wakimtukana dada wa watu kwa mambo ya kwenye tamthilia.

Umeniambia nisitaje kumi, nitaongeza moja kwa sababu unakaa Mikindani. Mwaka uliofuata, 1957, Avellana aliwachukua Rosa Rosal na Tony Santos hao hao wakafanya *Badjao*. Wabajao ni watu wa baharini wa visiwa vya Sulu, kusini ya Ufilipino. Maisha yao yako kwenye mitumbwi, na kupiga mbizi wanakujua tangu utotoni. Hassan, mtoto wa mkuu wao, anampenda Bala Amai, binti wa ukoo mkubwa wa Watausug wa nchi kavu. Watu wa nchi kavu wanawadharau watu wa bahari, ila lulu wanazitaka, na mwenye pumzi ya kuzifuata chini ni Hassan. Waigizaji wakuu si Wabajao, na jambo hilo linaonekana pale wanaposhika kasia. Lakini maji ni maji, na sidhani kama kuna mtu wa Msimbati au Mikindani atakayeitazama filamu ile akaona ni ya watu wa mbali.

*Bibi, salaam kutoka Lindi. Nimetafuta filamu za zamani ulizowahi kuzitaja, nyingi hazipo popote. Zimekwenda wapi? Nauliza kwa uchungu kwa sababu marehemu baba ametuachia sanduku la kanda za video za harusi na ngoma za Mtanda, na nyingine zimeota ukungu mweupe. – Mwalimu wa Lindi*

Mwalimu, pole kwa msiba. Swali lako ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoandikiwa mwezi huu.

Zimekufa. Filamu za Kifilipino za kabla ya vita zilizobaki nzima unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. *Dalagang Bukid* niliyomweleza Mama Watatu haipo. Hakuna mtu aliye hai leo anayeweza kuitazama. Mikanda ya wakati ule ilikuwa ya naitreti, kitu ambacho kikishika moto hata ukikitumbukiza majini hakizimiki. Ikiponea moto inaoza yenyewe kwa joto na unyevu, na Manila ina joto na unyevu kama Lindi. Kisha ikaja 1945, mji ukaungua. Baada ya vita mikanda ikawa ya aseteti, haiwaki ovyo, lakini nayo ikikaa mahali pa joto hubadilika, ikaanza kunuka siki na kujikunja.

Zilizopona, baadhi ziliponea ugenini. *Giliw Ko* ya 1939, filamu ya kwanza ya LVN, aliyoigiza Mila del Sol akiwa bado binti mdogo, Quezon, rais wa Ufilipino wakati ule, mwenyewe alikwenda kuitazama ilipozinduliwa. Ilikarabatiwa Australia mwaka 1998 na taasisi yao ya kuhifadhi filamu. *Genghis Khan* ya 1950 ilitengenezwa na Manuel Conde, mwongozaji na steringi yeye mwenyewe, kwa pesa kidogo, akiwageuza vijana wa Kifilipino kuwa wapanda farasi wa Mongolia. Ndiyo miaka ile mamilioni ya pesa za Mwingereza yanapotelea kwenye mradi wa karanga wa Nachingwea. Filamu ya Conde ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 1952, na baada ya kukarabatiwa ikarudi Venice 2012.

Ninayoshukuru zaidi kwamba ipo ni *Ibong Adarna* ya 1941. Ni hekaya kama zile tulizosimuliwa na bibi zetu: mfalme anaugua, dawa yake ni wimbo wa ndege mmoja tu, na wanawe watatu wanakwenda kumtafuta mmoja baada ya mwingine. Ndege akiimba, msikilizaji anasinzia, na akisinzia ndege anamnyea, naye anageuka jiwe. Mtoto wa mwisho anajikata kiganja kwa wembe, anakamulia ndimu kwenye jeraha ili maumivu yamzuie kulala. Filamu yote ni nyeusi na nyeupe isipokuwa huyo ndege. Yeye ana rangi, na rangi hiyo ilipakwa kwa mkono, picha kwa picha. Filamu yenye sauti hupita picha 24 kila sekunde. Dakika moja ya ndege ni picha 1,440, na mtu ameinama na brashi juu ya kila moja, kila moja ndogo kuliko stempu. Mkanda ule ungetupwa, kazi ya mikono hiyo ingekwenda nao na tusingejua kwamba iliwahi kufanyika.

Sasa kanda za baba. Ukungu ule mweupe usiuingize kwenye deki, utaharibu deki na utahamia kwenye kanda nyingine. Zilizoota ukungu zitenge na nzima leo hii. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, nailoni hufungia unyevu ndani. Zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na mbali na spika kubwa. Nzima zihamishie kwenye kompyuta haraka iwezekanavyo, uweke nakala mbili, moja isikae Lindi. Zenye ukungu mpelekee fundi anayejua kuzisafisha, usijaribu mwenyewe kwa spiriti. Na wakati wazee wangali hai, kaa nao wakutajie majina ya wanaoonekana kwenye ngoma zile, uyaandike. Manila wana mapande ya filamu yenye nyuso ambazo hakuna anayezitambua tena.

*Bibi, ni kweli muigizaji wa filamu aliwahi kuwa rais wa Ufilipino? Kijiweni hapa Masasi hawaniamini. – Dereva wa bodaboda*

Ni kweli. Joseph Estrada, steringi wa filamu za ngumi tangu miaka ya 1950, alichaguliwa rais 1998 na akaondolewa madarakani Januari 2001. Rafiki yake Fernando Poe Jr., mtoto wa staa mkubwa wa kabla ya vita, aligombea 2004, akashindwa na Gloria Arroyo, akafariki Desemba mwaka huo huo.

Lakini aliyefungua njia ni Rogelio de la Rosa, yule yule wa Sampaguita. Alichaguliwa seneta 1957. Uchaguzi wa 1961 akagombea urais, kisha akajitoa na kumwachia Diosdado Macapagal, ambaye mke wake wa kwanza, marehemu, alikuwa dada yake Rogelio. Macapagal akashinda. Shemeji mtu akapelekwa kuwa balozi Kambodia.